Utafiti wa wanafunzi umfikie mfugaji

Wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), huwafuata wafugaji wa kuku Bunju na wakulima wa mchicha Mbagala wakiwa na madodoso. Mkulima huacha shughuli zake akajibu maswali, kisha mara nyingi hasikii lolote. Ripoti, kwa kawaida ya Kiingereza, huishia maktaba.

Fedha hiyo si sadaka. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukopesha fedha za utafiti na mafunzo kwa vitendo. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2016, mkopaji akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Mwanafunzi analipa kwa deni, mkulima kwa muda wake.

Ili wote wafaidike, wakulima wapeleke maswali yao vyuoni kupitia bwana shamba. Kwa mfano, kuku wa nyama auzwe akiwa na wiki ngapi, kabla gharama ya chakula haijala faida? Jibu linahitaji takwimu, hivyo mfugaji aweke daftari la chakula, chanjo na mauzo.

Na kabla ya kujibu dodoso, uliza: matokeo tutaletewa lini, tena kwa Kiswahili?