Vyumba Visivyomo katika Ramani



Tangu Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kianzishwe hapa Malimbe mwaka 1998, nyumba nyingi za Nyegezi zimerefuka. Mwenye nyumba ya vyumba vitatu, iliyojengwa kwa ramani na kibali, ameongeza viwili uani, kisha vitatu kando ya ukuta, akawapangisha wanafunzi, na kwa kodi hiyo akasomesha watoto wake. Kibali cha nyongeza hakuomba. Hatuna haraka ya kumhukumu. Gharama za mchoraji, ada na safari za ofisini huchosha hata wenye nacho, na shauri hilo, hadi hapo, ni baina yake na Halmashauri ya Jiji.

Shauri hugeuka siku anapoiuza. Bei hutajwa kwa hesabu ya vyumba vyote vinane, na kodi ya vyote vinane husifiwa mbele ya mnunuzi. Lakini kwamba vitano havimo katika ramani iliyoidhinishwa, halisemwi. Mnunuzi huyo huenda ni mstaafu mwenye kiinua mgongo chake chote mkononi, au mjane aliyeuza shamba. Huonyeshwa hati, huona muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, huridhika. Muhuri ule washuhudia kwamba fulani amemuuzia fulani, hauzishuhudii kuta. Ukweli humfikia baadaye, afisa wa jiji anapodai kibali, au alama nyekundu ya X inapochorwa ukutani, naye muuzaji amekwisha kuhama.

Husemwa, “Kwani mnunuzi hakuwa na macho?” Mtakatifu Thomas wa Akwino alilijibu swali hili katika karne ya 13. Auzaye farasi mwenye jicho moja, alifundisha, halazimiki kuitangaza kasoro hiyo, maana kila mtu anaiona, mradi bei ipunguzwe ipasavyo. Bali kasoro iliyofichika, yenye kumtia mnunuzi hasara au hatari, muuzaji hana budi kuitaja. Ufa ukutani ni kama jicho lile la farasi. Kibali kisichokuwapo hakionekani hata na fundi hodari.

Wapagani nao walilijua hilo. Cicero, katika kitabu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, asimulia habari za Claudius Centumalus, aliyekuwa na nyumba kilimani mjini Roma (nasi wa Mwanza twazijua nyumba za vilimani). Wapiga ramli wa dola, waliotazama ndege angani, walimwamuru abomoe sehemu zilizowazuia kuona. Akaiuza kimya kwa Calpurnius Lanarius, ambaye naye aliamriwa vivyo hivyo, akabomoa. Alipogundua kwamba nyumba ilitangazwa kuuzwa baada ya amri kutolewa, alishtaki. Na mwamuzi, Marcus Cato, akakata shauri kwamba muuzaji aliyejua asiseme sharti alipe hasara.

Sheria yetu ya Mikataba huhesabu kuficha kwa makusudi kuwa ni ulaghai, ingawa kunyamaza kutupu mara nyingi huachiliwa. Ndiyo maana hatuwezi kuiachia mahakama peke yake jambo hili.

Anayetaka kuuza, basi, aende kwanza kwa afisa mipango miji na mchoro wa nyumba jinsi ilivyo leo, aombe nyongeza iidhinishwe. Jibu laweza kuwa la, hasa ukuta ukiwa umebanana na mpaka wa jirani. Hapo auze kwa uwazi: vyumba visivyo na kibali vitajwe katika mkataba, na bei ishuke. Aliyekwisha kuuza kwa kuficha anadaiwa malipizi. Kuungama peke yake hakumrudishii mjane fedha zake.

Viongozi wa jumuiya ndogondogo na makatekista, ninyi huitwa mara nyingi kuwa mashahidi wa mauziano haya. Kabla ya kutia sahihi, mwulizeni muuzaji, mnunuzi akiwapo, ni vyumba gani vimo katika ramani. Asipojibu, msitie sahihi.