Ng'oeni Hiyo Friji ya Gesi, na Muache Kuficha Bei ya Betri

Wasee, nimechoka na hii vita ya friji kwa komenti. Leo naandika mara moja. Kama una motahomu, yaani gari lenye nyumba ndani, na friji yake ya gesi imeanza kukusumbua, usinunue ingine ya gesi. Ing'oe. Weka friji ya kawaida ya nyumbani, ya kompresa, kama ile iko jikoni kwa mamako. Na wewe mwenye chaneli unayeonyesha hiyo kazi kwa video ya dakika nane, acha kudanganya watu kuhusu pesa.

Najua swali. Kijana wa Umoja anapigania friji za Wamarekani kwa nini? Kwa sababu ndiyo kazi yangu. Binamu yangu anaishi Arizona ndani ya motahomu, mwaka wa tatu sasa. Yeye anarekodi, mimi nakata na kupanga video nikiwa hapa Nairobi, kinachoingia tunagawana. Tumetoa video za jangwa, za upweke, hata ya siku alipata nyoka chini ya ngazi. Lakini ile ya kubadilisha friji ndiyo imeleta matusi kuliko zote. Watu wazima, wenye wajukuu, wanamwita binamu yangu mjinga juu ya friji.

Tuipe kwanza friji ya gesi heshima yake, maana si mashine ya kijinga. Ilibuniwa Stockholm mwaka wa 1922 na wanafunzi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters. Haina mota, haina kompresa, hakuna kitu kinazunguka. Ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa kuna amonia, maji na haidrojeni. Moto mdogo wa gesi unachemsha huo mchanganyiko, amonia inatoka kama mvuke, inapanda, inapoa na kuwa majimaji. Ikikutana na haidrojeni inageuka mvuke tena, na hapo ndipo inavuta joto kutoka kwa chakula chako. Halafu inanywewa na maji, inarudi chini, inaanza upya. Unawasha moto ndio upate barafu! Mara ya kwanza kuelewa hiyo kitu nilisimamisha video nikabaki kuangalia ukuta. Na hapa kwetu, zahanati za mashinani ambazo hazikuwa na stima zilihifadhi chanjo kwa friji za aina hii, za gesi ama za mafuta taa, miaka mingi kabla ya zile za sola kuingia. Kwa hivyo mtu asiniambie ati nadharau teknolojia ya wazee.

Shida ni kwamba zahanati haitembei.

Hiyo safari yote ya amonia ndani ya mabomba haina pampu. Inategemea mteremko tu, kitu kiteleze chini chenyewe. Nyingi za hizi friji huvumilia kuinama kama digrii tatu upande mmoja na sita upande ule mwingine, basi. Ukiegesha gari kwa mlima ulale, majimaji yanatuama mahali hayafai kutuama, na moto unaendelea kuchoma bomba ambalo halipati majimaji ya kutosha. Hautaona chochote asubuhi. Friji itapoa tu kama kawaida. Lakini bomba limeumia kidogo, na kila usiku wa mteremko unaongezea. Siku moja linapata ufa. Sasa kumbuka kilicho ndani ni haidrojeni, na sentimita chache kutoka kwa huo ufa kuna moto unawaka.

Hii si hadithi ya kutisha watoto. Mwaka wa 2006 kampuni ya Dometic iliita tena zaidi ya friji 900,000 huko Marekani, zilizotengenezwa kati ya 1997 na 2003, kwa sababu bomba la kuchemshia lingeweza kupata ufa na kuleta moto. Norcold nao wakaita zile zao kubwa za 1200 zaidi ya mara moja, sababu ikiwa hiyo hiyo ya moto. Na motahomu si nyumba ya mawe. Ni mbao nyembamba, foamu na plastiki, na mara nyingi mlango ni mmoja. Ikishika, unahesabu dakika. Unaniambia ati nilale humo na mwali unawaka nyuma ya ukuta usiku kucha, juu ya nini? Juu ya maziwa na nyama?

Ambayo pia haipoi vizuri, kama hujui. Nyuma ya friji ya gesi joto linatoka kwa hewa kupanda yenyewe. Arizona kiangazi jioto likipita digrii 43, hiyo hewa ya kupooza ni moto tayari. Binamu aliongeza feni nyuma, akaegesha akiwa amepa jua kisogo, akafanya kila kitu wazee wa komenti walimwambia. Saa tisa mchana kipimajoto ndani ya friji kilisoma 13. Chakula kinafaa kukaa 4 ama chini. Alitupa kuku mara mbili kwa wiki moja, na bado kuna mtu aliandika, "Hujui kuitumia."

Fundi alimpa bei ya friji mpya ya gesi ya ukubwa ule: zaidi ya dola 3,000. Friji ya nyumbani ya karibu lita 280 ilikuwa chini ya 600.

Sasa hoja yao kubwa, ati friji ya nyumbani itavunjika barabarani. Kwani yako ilifika kwako na malaika? Ilitoka kiwandani kwa lori, ikavuka bahari ndani ya konteni, ikapanda lori tena kutoka Mombasa, ikamalizia na mkokoteni na vijana wawili wakiisukuma hadi orofa ya nne. Kompresa yake imekaa juu ya raba, haijali matuta. Na watengenezaji wa motahomu kubwa wenyewe wamekuwa wakiweka friji za nyumbani kutoka kiwandani kwa miaka mingi sasa. Kinachosumbua barabarani ni mlango. Unapiga kona, unafunguka, mayai yanaruka. Weka kitasa. Shida imeisha.

Kitu kimoja tu hapo usikosee: friji nyingi za siku hizi zina mabomba ya kutoa joto yaliyofichwa ndani ya kuta za pembeni. Usizipige skrubu pembeni ukitaka kuifunga isitembee. Skrubu moja mahali pabaya na umenunua kabati. Ifungie miguuni na kwa mkanda, na uache nafasi pembeni hewa ipite, kwa sababu hiyo kuta hupata joto.

Kuna mjanja aliandika kwamba hata friji ya nyumbani ina gesi inayowaka. Ni kweli, nyingi mpya hutumia isobutani. Ni makumi machache ya gramu, imefungwa, na hakuna mtu amewasha kiberiti kando yake. Si sawa na mwali wa usiku mzima. Hebu tusichezeane akili.

Nimewamaliza wazee. Sasa nyinyi wenzangu wa kamera.

Picha ya mbele ya video zenu ni ile ile: mtu ameshika kichwa, maandishi makubwa, "Friji ya dola 500!" Uongo. Friji ndiyo kitu rahisi kwa hii kazi yote. Pesa iko kwa stima. Friji ya gesi ilikuwa inachoma gesi, betri haikusikia kitu. Ukiweka ya nyumbani, umehamisha mzigo wote kwa betri, na mtazamaji wako ambaye ametumia akiba yake ya mwisho atajua hiyo saa nane usiku, friji ikizima na nyama yote ndani.

Hesabu si ngumu. Friji ya ukubwa huo hula karibu yuniti 1.2 kwa siku, yuniti zile zile za tokeni. Inveta ya kugeuza stima ya betri nayo inakula hata ikiwa imekaa tu. Tuseme wati 20, hiyo ni karibu nusu yuniti kwa siku. Ongeza kinachopotea njiani, uko karibu na mbili. Betri moja ya lithiamu ya 12V yenye Ah 100 ina yuniti 1.28. Kwa hivyo unahitaji mbili ndio uvuke siku moja na masaa kadhaa bila jua. Sola ya wati 400 kwa masaa matano ya jua kali inatoa yuniti mbili kwa karatasi, juu ya paa halisi lenye vumbi pengine moja na nusu. Binamu aliweka wati 600 na betri tatu. Na inveta iwe ya mawimbi safi, hizi rahisi rahisi zinatesa mota ya kompresa, na iwe na nguvu ya kuhimili ile sekunde kompresa inaanza.

Jumlisha hiyo yote uiweke mbele ya video. Bado inaweza kuwa nafuu kuliko ile ya gesi ya dola 3,000, maana betri za lithiamu za Ah 100 sasa unazipata huko hata chini ya dola 300 moja. Yaani ukweli wenyewe unauza! Mbona uongo?

Na msiniambie ya gesi unaweza pia kuichomeka kwa stima. Ile kubwa, ikipasha joto, huvuta kama wati 350. Ya nyumbani kwa wastani wa siku nzima ni kama 50.

Kitu kingine mnaruka kwa video, na hiki ndicho kinaweza kuua mtu: bomba la gesi linalobaki. Friji ikitoka, kuna mdomo wa bomba umebaki ukutani, na jiko na hita bado vinatumia mtungi ule ule. Nimeona video moja, jamaa amefunga huo mdomo na tepu. Tepu! Unafunga mtungi nje kwanza, unaweka kifuniko cha shaba chenye nyuzi zinazolingana na bomba, unakaza kwa spana, unafungua mtungi, unapaka maji ya sabuni. Povu likitokea, hujamaliza. Kama huna uhakika, ita fundi wa gesi, hiyo pesa usiionee huruma. Halafu yale matundu mawili ya hewa, la ukutani na la paani, unayaziba, la sivyo mvua na panya wataingia kwako bila kubisha.

Kuna mtu mmoja tu nitamwachia friji yake ya gesi: anayekaa wiki mbili ndani ya msitu mnene, jua halifiki, hana jenereta na hatembezi gari. Huyo aiweke gari sawa na pima maji, azime moto akiingia petroli stesheni, na aweke kengele za moshi na za kaboni monoksidi. Wengi wanaobishana nami si yeye. Wengi wameegesha mahali kuna soketi nje ya mlango.

Mwisho, kwa yule jamaa wa inboksi anayegeuza HiAce hapa Nairobi, anayesema mzungu amemaliza safari yake ya Afrika na anamuuzia friji ya gesi bei ya kutupa. Buda, usichukue. Mtungi na mwali ndani ya HiAce ambamo utalala madirisha yamefungwa, hapana. Hata hiyo ya nyumbani usiweke, nafasi hauna. Tafuta ile ndogo ya kompresa inayotumia 12V moja kwa moja bila inveta, ya lita 40 hivi. Betri moja ya lithiamu ya Ah 100 na paneli ya wati 200 zitaibeba, na Julai yetu ikileta mawingu utachaji ukiendesha. Na kama ushamtumia deposito kwa M-Pesa, mpigie leo kabla hajapanda ndege.