Mtoto akisema sayari ni nane, usimkatishe

Wazazi wengi wa Handeni na Korogwe waliomaliza shule kabla ya mwaka 2006 walikariri sayari tisa, ya mwisho ikiwa Pluto. Leo mtoto anarudi nyumbani na daftari lenye sayari nane. Mzazi anamwambia amekosea, mtoto anashikilia kuwa ndivyo alivyofundishwa, na mara jambo la masomo linageuka kuwa la adabu: “Unabishana na mimi?”

Kumbe wote wawili walifundishwa sawasawa, kila mmoja kwa wakati wake. Pluto ipo palepale, ila imehamishiwa kundi lingine. Agosti 24, 2006, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikutana mjini Prague na kupiga kura: sayari izunguke Jua, iwe na umbo la mviringo kama mpira, na njia yake iwe haina magimba mengine yanayoshindana nayo. Pluto ilitimiza mambo mawili ya kwanza. La tatu liliishinda, kwa sababu inazunguka katikati ya magimba mengi ya barafu. Tangu hapo inaitwa sayari kibete.

Mtoto akitaka kujua iko mbali kiasi gani, tumia barabara anayoifahamu. Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 hivi. Tuseme Jua liko Korogwe, nalo lina upana wa mita 15, kuzidi urefu wa basi. Dunia itakuwa kama balungi lililowekwa kilomita moja na nusu tu kutoka hapo. Neptune, sayari ya nane, itakuwa karibu kilomita 49. Pluto itakuwa ndimu ndogo iliyowekwa Handeni mjini. Mwanga wa Jua hutufikia kwa dakika nane, lakini kufika Pluto huchukua zaidi ya saa tano. Baridi yake ni nyuzi 230 chini ya sifuri, na mwaka wake mmoja ni miaka 248 ya kwetu.

Wazazi wanaolima watakielewa pia kisa cha aliyeigundua. Clyde Tombaugh alikuwa kijana wa shamba huko Marekani. Mvua ya mawe iliharibu mazao ya familia yake, na ndoto ya chuo ikakwama. Akajitengenezea darubini, vipande vingine akivitoa kwenye mashine chakavu, akachora alichokiona angani na kuvituma vile vichoro kwenye kituo cha Lowell, Arizona. Wakamwajiri. Februari 18, 1930, akiwa na miaka 24, akaiona Pluto kwenye picha alizokuwa akizilinganisha. Chuo alikwenda baadaye.

Jina nalo lilitoka kwa mtoto. Venetia Burney wa Oxford, Uingereza, alikuwa na miaka 11 babu yake aliposoma habari hiyo gazetini wakati wa kifungua kinywa. Binti akasema iitwe Pluto. Babu angeweza kumwambia anywe chai yake anyamaze. Badala yake alimfikishia rafiki yake mwanaastronomia, naye akapeleka simu ya maandishi Arizona. Mei 1, 1930, jina likatangazwa.

Hapo ndipo penye somo la malezi. Mtoto anayekemewa kwa kusema alichojifunza haongezi adabu. Anajifunza kunyamaza, na siku atakapokuwa na jambo zito la kumweleza mzazi, atanyamaza vilevile.

Akisema jambo usilolijua, mwulize: “Umelisoma wapi? Hebu nionyeshe.” Akileta kitabu, someni pamoja. Mkiwa na simu yenye intaneti, tafuteni picha zilizopigwa na chombo cha New Horizons kilipopita karibu na Pluto Julai 14, 2015. Mtaona uwanda mkubwa wa barafu wenye umbo la moyo.

Na ukigundua yeye ndiye yuko sahihi, mwambie wazi: “Sisi tulifundishwa tisa, sasa wamebadilisha. Asante kwa kunieleza.” Heshima ya mzazi haipungui kwa neno hilo. Mtoto ataondoka akijua kwamba nyumbani kwao ukweli unasikilizwa, hata ukitoka kwa mdogo.