Ankara za Wingu Zisomeke kwa Lugha Moja

Mwisho wa mwezi, mhasibu wa kampuni inayokodi seva kwa watoa huduma watatu hukaa na faili tatu zisizoelewana. Mkurugenzi ameuliza swali jepesi: wingu limetumia kiasi gani? Kwenye faili ya Amazon, gharama imo katika safu iitwayo "lineItem/UnblendedCost". Microsoft Azure huiita "CostInBillingCurrency". Google huandika "cost" tu, lakini kazi haijaisha hapo: mapunguzo yamewekwa pembeni, kama orodha ndani ya mstari uleule, kila moja na alama yake ya kutoa, na asiyeyahesabu atapeleka kwa mkurugenzi bei ambayo kampuni haikulipa. Hata mahali gharama ilipotokea pana majina matatu: kwa Amazon ni akaunti, kwa Azure ni sabskripsheni, kwa Google ni mradi.

Basi mhasibu hujitengenezea jedwali la tafsiri. Safu moja ikibadilishwa jina huko ilikotoka, anaanza upya.

Biashara hii si changa: Amazon ilianza kukodisha hifadhi ya S3 Machi 2006, na seva za EC2 Agosti mwaka huohuo. Linganisha na umeme: huuzwa kwa kilowati-saa, iwe Mombasa au Mwanza, na mteja hahitaji mkalimani wa kumsomea mita. Huduma za wingu zilikaa miaka mingi bila makubaliano ya namna hiyo, na aliyeumia ni mnunuzi.

Ndiyo maana makala hii inaipa nafasi FOCUS, muundo wa wazi wa data ya gharama uliotayarishwa na FinOps Foundation, taasisi iliyo chini ya Linux Foundation. Toleo lake la 1.0 lilitoka Juni 2024. Amazon, Microsoft, Google na Oracle zote zimekwisha kumpa mteja njia ya kupata taarifa zake kwa muundo huo, na hilo si jambo dogo kwa kampuni zinazogombea wateja walewale.

Thamani yake huonekana kwenye mfano mmoja. Kampuni inalipa dola 1,200 kwa mkupuo mwezi Januari ili ipate seva ya mwaka mzima kwa bei nafuu. Hiyo ni gharama ya Januari, au ya miezi kumi na miwili? Mweka hazina anataka kujua fedha zilitoka lini. Mkuu wa timu anataka kujua kazi yake ya Agosti ilikula kiasi gani. Wote wawili wana haki ya kujibiwa. FOCUS inaweka safu mbili: BilledCost hubeba zile 1,200 zote Januari, na EffectiveCost huzigawa kufuata matumizi, takriban dola 100 kila mwezi. Azure imekuwa ikizitoa hesabu hizo katika faili mbili. Amazon ilizitawanya katika safu kadhaa, kutegemea aina ya punguzo. Mikutano mingi ya bajeti imevurugika kwa sababu watu wawili walileta namba mbili sahihi bila kujua kwamba wanajibu maswali mawili.

Kwa msomaji wa Nairobi kuna jingine. Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160 za Kenya. Miezi michache baadaye ilishuka hadi karibu 130. Ankara ya shilingi kwa huduma za dola 10,000 ikawa imepungua kwa shilingi 300,000 bila fundi kuzima hata seva moja. Asiyetenganisha sarafu ya bei na sarafu ya ankara atampongeza mtu kwa kazi ambayo hakuifanya, na dola ikipanda atamlaumu bila kosa. Toleo la 1.2 la FOCUS, la Mei 2025, liliongeza safu za kutenganisha sarafu hizo.

Wapo wanaosema muundo wa pamoja haufanyi seva za kampuni mbili ziwe sawa. Ni kweli. Majina ya huduma bado ni ya muuzaji mwenyewe, na ankara haipimi utendaji wa mashine. Lakini kabla ya kubishania ubora, pande zote ziwe zinasoma hesabu moja.

Ukungu mzito zaidi sasa uko kwenye programu za akili unde, zinazouzwa kwa tokeni na kwa krediti ambazo kila muuzaji huzipangia thamani yake. Toleo hilohilo la 1.2 limezifungulia mlango, ila wauzaji wengi hawataingia wasiposukumwa. Msukumo huo uko mikononi mwa mnunuzi, hasa serikali na benki, na huwa na nguvu kabla ya kusaini mkataba. Kifungu cha kuweka humo ni kifupi: data ya gharama itolewe kwa muundo wa FOCUS, toleo litajwe, ifike kila siku, mteja asitozwe kwa kuipata, na abaki na kumbukumbu zake hata akihama.