CHETI CHA MISITU NI TIKETI YA SOKO, SI NYONGEZA YA BEI

Mnunuzi wa mbao akifika Keko, Dar es Salaam, huuliza maswali matatu: hii ni mninga au mkongo, imekauka, na bei yake ni kiasi gani. Namna msitu uliotoa gogo hilo unavyotunzwa haimhusu. Lakini mfanyabiashara huyo huyo wa Keko akitafuta mteja wa Ulaya, swali hilo la msitu ndilo hutangulia. Kwa sababu hiyo, wasomaji wengi wa ukurasa huu huuliza kama inafaa kutumia fedha kupata cheti cha misitu. Jibu letu ni kwamba inafaa kwa baadhi yao tu, na si kwa sababu inayotajwa mara nyingi.

Cheti kinachojulikana zaidi ni kile cha Baraza la Usimamizi wa Misitu (FSC), lililoanzishwa mwaka 1993 na ambalo makao yake yako Bonn, Ujerumani. Wakaguzi wa kujitegemea hukagua msitu, na ukifaulu hupewa cheti cha miaka 5. Hata hivyo, ukaguzi hurudiwa kila mwaka, na kila ukaguzi una gharama zake.

Wanaokipigia debe cheti husema kwamba walaji wa nchi tajiri wako tayari kulipa zaidi kwa ajili ya mbao zenye nembo. Ni kweli kwamba walaji hao wakiulizwa hujibu hivyo. Dukani mambo huwa tofauti. Watafiti wa jimbo la Oregon, Marekani, waliochapisha matokeo yao mwaka 2004, waliweka plaiwudi yenye nembo na isiyo na nembo kando kwa kando katika maduka ya Home Depot. Bei zilipokuwa sawa, yenye nembo iliuzwa zaidi ya mara mbili ya nyingine. Bei yake ilipopandishwa kwa asilimia 2 tu, sehemu yake ya mauzo ilishuka hadi asilimia 37 hivi. Yaani mlaji anaipenda nembo, ila hapendi kuilipia.

Ni nani basi anayedai cheti? Ni mwenye duka. Kampuni ya B&Q ya Uingereza ilijiwekea mwaka 1991 lengo la kuuza mbao za misitu inayotunzwa vizuri, na Home Depot ilitangaza mwaka 1999 kwamba itapendelea mbao zenye cheti. Maduka kama hayo yanalinda jina lao dhidi ya lawama za wanaharakati. Hayana haja ya kumwongezea muuzaji bei. Hubadilisha tu orodha ya wale wanaoruhusiwa kuuza kwao. Gharama hurudi nyuma hadi kwa mwenye kiwanda, na hatimaye kwa mwenye msitu.

Wapo wanaosema kwamba hiki ni kizuizi cha biashara kilichovikwa joho la mazingira. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa anayedai cheti siye anayekilipia. Lakini kulalamika hakuuzi mbao, na Kilwa imetuonyesha njia nyingine.

Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata cheti cha FSC kwa misitu yao ya asili, vikiwa vya kwanza Afrika kwa misitu ya aina hiyo inayosimamiwa na wanavijiji. Zao lao kuu ni mpingo, mti unaotengenezewa klarineti na zumari za Ulaya. Kijiji kimoja peke yake kisingemudu gharama za ukaguzi. Vilifaulu kwa sababu cheti kilikuwa cha kikundi, chini ya shirika moja la uhifadhi lililobeba kazi ya makaratasi. Aidha, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikuwa imekwisha kuvipa vijiji haki ya kuuza mazao ya misitu yao na kubaki na mapato.

Lakini cheti cha msitu pekee hakitoshi. Gogo la Kilwa likipasuliwa katika kiwanda kisicho na cheti chake, nembo inapotea hapo hapo, na mbao zinauzwa kama nyingine zozote. Kwa maoni yetu, hapa ndipo mwekezaji mdogo angetazama: kiwanda cha kupasua mbao chenye cheti, karibu na misitu yenye cheti, ndicho kiungo kinachokosekana mara nyingi.

Hatari nazo zipo. Mwaka 2022 FSC ilisimamisha vyeti vyote vya biashara ya mbao za Urusi na Belarus kwa sababu ya vita vya Ukraine, na walioweka mtaji huko waliona mlango ukifungwa ndani ya majuma machache. Vilevile, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji wa misitu, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inadai ijulikane shamba hasa ambako mti ulikatwa. Cheti husaidia kukusanya ushahidi huo, ila hakichukui nafasi yake.

Kwa hiyo, mwenye ekari chache za misonobari au mikaratusi huko Njombe au Mafinga, anayeuza mbao na nguzo humu humu nchini, asiharakishe kulipia cheti ambacho mteja wake hakiulizi. Anayelenga soko la nje apate kwanza barua ya mnunuzi, kisha ajiunge na kikundi. Katika hesabu zake aweke bei ile ile ya mbao za kawaida. Kama biashara haimlipi kwa bei hiyo, nembo haitamwokoa.