Tahadhari kwa mafundi wa Jinja na Mbale: usiwashe swichi pepe juu ya chipu isiyo na mwenyewe

Fundi, ukiletewa kisanduku cha bei nafuu chenye prosesa maalumu ya mitandao, ukaambiwa Open vSwitch imekwisha kuhamishiwa ndani yake na sasa inakimbia kuliko kwenye seva yako, usikiwashe bado. Muulize muuzaji ni nani ataleta viraka mwaka ujao. Akibabaika, kirudishe.

Seva moja siku hizi hubeba mashine pepe nyingi: mfumo wa ada, barua pepe, kumbukumbu za wagonjwa, maabara ya wanafunzi. Kinachozitenganisha ni swichi pepe, yaani programu tu. Kampuni ya Nicira iliitoa Open vSwitch mwaka 2009, na tangu 2016 mradi uko chini ya Linux Foundation. Kazi yake imegawanyika. Pakiti ya kwanza ya mazungumzo hupelekwa kwa ovs-vswitchd, ambayo hupima kanuni zote na kutoa uamuzi. Uamuzi huo huhifadhiwa chini, kwenye kerneli, na pakiti zinazofuata hupita haraka bila kuuliza tena. Anayehamishia programu hii kwenye prosesa maalumu huiandika upya sehemu hiyo ya chini kwa lugha ya chipu, na mara nyingi huligusa pia fungu la juu. Hapo ndipo nakala yake inapoachana na mradi mama, na kuachana huko hakuonekani siku ya majaribio, kwa sababu siku hiyo kila kitu hukimbia vizuri.

Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha TU Berlin, Kashyap Thimmaraju na Bhargava Shastry, waligundua kosa katika namna Open vSwitch inavyosoma lebo za MPLS. Pakiti iliyotungwa kwa hila, ikitoka hata ndani ya mashine pepe moja, iliweza kumpa mshambuliaji seva nzima. Baadaye wao na wenzao walionyesha jinsi shambulio hilo linavyoweza kusambaa lenyewe kutoka seva hadi seva. Kosa hilo, CVE-2016-2074, lilizibwa katika matoleo 2.3.3 na 2.4.1. Aliyekuwa kwenye mradi mama alisasisha akalala. Lakini nakala iliyokatwa kutoka 2.3.0 au 2.4.0 ikapelekwa kwenye chipu ya kampuni fulani haizibiki hadi mtu aketi na msimbo wake autengeneze kwa mkono. Kama mtu huyo hayupo, tundu liko wazi hadi leo.

Na mara nyingi hayupo. Tazama Tilera, kampuni iliyotengeneza TILE-Gx, prosesa yenye viini kadhaa kwa kazi za mitandao. EZchip iliinunua mwaka 2014, Mellanox ikainunua EZchip mwaka 2016, na mwaka 2020 NVIDIA ikaichukua Mellanox. Katikati ya safari hiyo, Linux 4.17 ya Juni 2018 iliiondoa kabisa familia ya tile kwenye kerneli. Mafundi wengi wa huku wanaifahamu chipu hii bila kujua jina lake, kwani ndiyo iliyomo kwenye ruta za MikroTik CCR1036. Hizo si za kutupa: MikroTik imeendelea kutoa RouterOS kwa ajili yake. Msimbo wenye mtengenezaji aliye hai ni salama kwa kiasi chake. Ninachoonya juu yake ni ule uliohamishwa na mkandarasi aliyelipwa mara moja akaondoka.

Mashariki mwa Uganda hatari hii ina uzito wake. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka 2009, na intaneti inayotoka huko huingia nchini kwa Malaba na Busia ikielekea Kampala. Jinja iko njiani, Mbale hupata tawi lake kutoka upande wa Tororo. Mbale kuna chuo kikuu cha IUIU tangu 1988, kitivo cha afya cha Chuo Kikuu cha Busitema na hospitali ya rufaa. Mtandao wa chuo ukitekwa, majirani wanaoaminiana nao wako karibu mno. Mafundi ni wachache na hujuana, kwa hiyo kisanduku kibovu kilichosifiwa Jinja Jumatatu hupata mnunuzi Mbale kabla ya Ijumaa.

Kama unataka kasi ya chipu kweli, iko njia nyingine. Tangu toleo 2.8 la mwaka 2017, Open vSwitch inaweza kukabidhi kazi kwa kadi ya mtandao kupitia kerneli ya Linux yenyewe, bila kuachana na mradi mama. Tafuta kadi ambayo dereva wake yumo ndani ya kerneli. Itakugharimu zaidi mwanzoni, sikatai.

Wenye visanduku hivyo tayari, leo andikeni ovs-vswitchd --version. Ikisoma 2.2 hadi 2.4.0, isipokuwa 2.3.3, na muuzaji hana uthibitisho wa maandishi kwamba kosa la 2016 limezibwa, kitoeni kisanduku hicho kwenye mtandao wenye data za watu, kisha mpigieni simu mwenzenu wa mji wa pili kabla hajanunua.