Moto, Kufuli na Kazi ya Mungu

Kazi ya Mungu haina makosa. Maneno haya nimeyasikia katika matanga tangu utoto wangu, na sina ugomvi nayo yakiwa mahali pake, kwa kuwa aliyefiwa na mzazi mkongwe aliyekwisha kula chumvi nyingi huyahitaji kama mchovu ahitajivyo mto wa kulazia kichwa. Ugomvi wangu huanza pale yanapotamkwa mbele ya nyumba iliyoungua, majivu yangali yakifuka, na yakatamkwa si kwa ajili ya kumliwaza mfiwa tu, bali kwa ajili ya kulifunga jambo zima lisiulizwe tena: moto ulianzaje, kwa nini walioamka hawakutoka, na ufunguo ulikuwa wapi.

La ufunguo nimelitaja makusudi. Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa mmoja wa Ngamiani, mjini Tanga, iliungua usiku nyumba ya Kiswahili ya namna tuijuayo sote: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, mlango wa mbele uelekeao barazani na mlango wa nyuma utokeao uani. Wapangaji wa mbele walitoka na nguo za kulalia. Katika chumba cha mwisho walikufa bibi mmoja na mjukuu wake. Asubuhi nilikuwa miongoni mwa waliokwenda kufukua. Mlango wa uani ulikuwa umekwisha kuwa mkaa, lakini kufuli lake lilikuwa limelala majivuni, limeng'ang'ania pete zake mbili, limefungwa vilevile lilivyofungwa saa nne ya usiku. Ufunguo tuliukuta ungali ukining'inia kwenye msumari ukutani, mwanzo wa ukumbi, mahali penyewe ulipoanzia moshi. Kijana mmoja alilipangusa kufuli kwa pindo la shati, akaligeuzageuza, kisha akalitia mfukoni bila ya kusema neno. Jioni yake majamvi yalitandikwa, na mzee wa mtaa akasema kwa upole kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Sote tuliitikia. Mimi pia niliitikia, na kuitikia kwangu kule ndiko kunakonisuta mpaka leo.

Huenda lugha yenyewe ina sehemu katika lawama hii. Neno ajali tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliowekwa, hasa ule ukomo wa uhai ambao mja hana uwezo wa kuusogeza mbele wala nyuma. Basi kila tusemapo kwamba nyumba ya fulani imepatwa na ajali ya moto, tumekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikiliza shahidi: siku ilifika, na aliyefikiwa na siku yake hana kimbilio. Neno zuri, lakini limepewa kazi isiyo yake, likageuzwa pazia la kuufunika uzembe.

Tuipime itikadi hii kwa mizani yake wenyewe. Mtu huyuhuyu asemaye kwamba moto ni kudra na hauna kinga, mtazame nyumba yake. Madirisha yote amechomelea nondo, nene kama kidole gumba. Mlango wa mbele una komeo, kitasa na kufuli. Mlango wa nyuma una geti la chuma. Juu ya ukuta wa ua amepanda vipande vya chupa. Umuulize kwa nini, atakwambia wezi. Lakini je, mwizi naye haji kwa kudra? Mali iibwayo haikuandikwa iibwe? Mbona hapa hakuna asemaye kwamba la kuja halina budi kuja, akalala mlango wazi? Ni dhahiri kwamba hatuamini kwa yakini kwamba kinga haina faida. Tunaamini kwamba televisheni ina faida ya kukingwa. Tawakali yetu huamka pale tu tunapotakiwa kukingia roho, tena roho za wake, watoto na wapangaji, na mbele ya mwizi husinzia fofofo.

Nondo hizo, fauka ya hayo, haziulizi nani atokaye na nani aingiaye. Humzuia mwizi wa nje kwa nguvu ileile ambayo humzuia mtoto wa ndani. Katika shule ya Bombolulu, pwani ya Kenya, mwezi wa Machi 1998, bweni la wasichana liliwaka usiku na wakafa zaidi ya ishirini. Madirisha yalikuwa na nondo na mlango ulikuwa umefungwa. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, huko Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa katika bweni ambalo mlango wake mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha nayo yana vyuma. Kyanguli ulikuwa ni mkono wa mtu uliomwaga petroli, hilo halina shaka. Lakini mwenye petroli hakuwa yeye aliyetia vyuma madirishani. Serikali ya Kenya iliyaelewa haya, na mwongozo wake wa usalama wa shule wa mwaka 2008 ukaagiza kwamba madirisha ya mabweni yasiwe na nondo na milango ifunguke kwa nje. Naye mzazi aliyeusifu mwongozo huo kwa ajili ya bweni la mwanawe amerudi nyumbani akamlaza mwanawe huyohuyo, wakati wa likizo, katika chumba chenye nondo zisizofunguka.

Wako watakaoniona nimevuka mpaka wa dini, nami nawaomba wastahimili kidogo, kwa sababu ushahidi ninaoutegemea umo humohumo katika dini. Imepokewa katika hadithi zilizo sahihi kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake, na Mtume alipopashwa habari alieleza kwamba moto ni adui wa wanadamu, akawaamrisha wauzime waendapo kulala. Katika hadithi nyingine aliwatahadharisha na panya, ambaye huweza kuuburura utambi wa taa na kuwaunguzia watu nyumba wakiwa usingizini. Tazama ilivyo ndogo sababu hiyo, na jinsi ilivyochunguzwa: hakuna jini, hakuna hasadi ya jirani, kuna panya na utambi. Na katika maagizo yayo hayo ya usiku imo pia amri ya kufunga milango. Sisi watu wa pwani tumeishika kwa meno nusu ya milango, tukaongeza na kufuli juu yake, na ile nusu ya taa tukaiacha. Ndugu zetu Wakristo, ambao husema ni mapenzi ya Mungu, nao hawakosi mfano katika vitabu vyao wa mtu aliyejenga safina kabla ya mvua kunyesha.

Siku hizi kuna kauli nyingine, changa zaidi, inayovaa suti badala ya kanzu lakini ni mtoto wa kauli ile ya kwanza: hitilafu ya umeme. Ikisha kutamkwa, waandishi wa habari hufunga madaftari, majirani hutikisa vichwa, na mwenye nyumba huhisi ameondolewa mzigo. Kana kwamba umeme ni pepo mwenye tabia ya kuchafukwa! Katika nyumba ile ya Ngamiani, waya mmoja mwembamba wa ekstensheni ulibeba friji, feni, televisheni na pasi, ukiwa umepitishwa chini ya mkeka. Waya ukibebeshwa kupita kiasi chake hupata joto, ganda lake hulainika, kisha huwaka. Hii ndiyo desturi ya umeme, wala si hitilafu yake. Fyuzi nayo imeumbwa dhaifu makusudi, ili ikatike yenyewe kabla ya waya wa ukutani kuungua. Na ndiyo hiyo ambayo fundi kishoka aliyeitwa kwa bei ya chai aliitoa, akapachika kipande cha waya wa shaba, akamhakikishia mwenye nyumba kwamba sasa haitamsumbua tena kwa kukatikakatika. Alisema kweli. Haikukatika.

Ila kubwa zaidi ya itikadi hii ni kwamba inawazuia watu wasiujue moto jinsi ulivyo. Mtu wa mjini leo anauwazia moto kuwa ni mwali mwekundu ambao atauona kwa mbali, aamke, avae, achukue cheti cha ndoa, aanze kuita watoto kwa majina. Lakini muuaji aghalabu ni moshi, naye hufika kabla ya mwali. Godoro la sponji na makochi yaliyotokana na kemikali za mafuta ya petroli hutoa moshi mweusi wenye sumu, na katika dakika chache chumba hakionekani. Anayevuta moshi huo akiwa usingizini huenda asiamke kabisa. Moshi hupanda darini kwanza kisha hushuka. Kwa hiyo hewa ivutikayo hubaki sakafuni, na anayetambaa kwa magoti na viganja ana matumaini kuliko anayekimbia wima. Mlango uliofungwa uguswe kwa mgongo wa kiganja kabla ya kufunguliwa. Ukiwa wa moto, nyuma yake kuna moto, tafuta njia nyingine. Mafuta ya kukaangia yakishika moto, maji ni adui, kwa maana huzama chini ya mafuta, huchemka ghafula na kuyarusha mpaka darini. Yafunikwe kwa mfuniko na jiko lizimwe. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji, basi anayeisikia harufu yake na asiguse swichi wala kiberiti, afungue madirisha, atoke. Na aliyeungua mwagie maji baridi ya bomba kwa muda wa dakika ishirini. Hayo mambo ya dawa ya meno, samli na mayai ni kumtia mgonjwa viungo kabla ya kumpeleka hospitali.

Najua jawabu linalonisubiri. Watasema: haya ni ya matajiri, sisi hatuna fedha, na hata tukiita zimamoto watafika bila maji. La zimamoto nimelisikia likisemwa kwa kicheko katika vijiwe vyote, nami silicheki, kwa kuwa linatoka katika tumbo moja na lile la kudra: yote mawili humwachia mwingine kazi. Nambari ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, huku Tanzania, ni 114, na ipigwe mapema iwezekanavyo. Lakini gari lililojaa maji pomoni, lenye dereva hodari, lingali lina mji wa kuupita na vichochoro vya kuvipenya, ilhali chumba kimoja hakihitaji muda huo kuteketea. Zimamoto wa kwanza ni yule aliyelala ndani. Na hiyo gharama ni ipi? Bawaba mbili na komeo la ndani, ili nondo za dirisha moja tu la kila chumba ziweze kufunguka. Ufunguo ukae mahali pamoja, karibu na mlango wake, usiku kucha, watoto wapajue hata gizani. Ndoo ya mchanga jikoni. Mshumaa na koroboi visikaribiane na chandarua. Nakala za hati ya nyumba na vyeti ziwekwe kwa shangazi wa mtaa mwingine, maana yaliyompata mwenye nyumba yule wa Ngamiani baada ya matanga, akizunguka ofisi hii na ile kutafuta karatasi za kuthibitisha kwamba yeye ni yeye na kiwanja ni chake, yalikuwa ni msiba wa pili usio na majamvi. Mchango tuliomchangia baada ya moto ungalitosha kununua bawaba za mtaa mzima.

Hata huko ng'ambo ambako sisi hudhani watu walizaliwa na akili za bima na mitungi ya kuzimia moto, kauli hii ya kudra ilikuwapo. London ilipoungua mwaka 1666, moto ulianza katika tanuri la mwoka mikate, na wako waliosema ni adhabu ya Mungu kwa sababu ya ulafi wa watu wa mji ule. Lakini mwaka uliofuata sheria ilipitishwa kwamba nyumba mpya zijengwe kwa matofali na mawe badala ya mbao. Wahubiri waliachiwa mimbari zao, na waashi wakapewa amri.

Niliporudi Ngamiani mwaka mmoja baada ya matanga yale, nyumba ile ilikuwa imesimama tena, nzuri kuliko mwanzo, bati jipya na plasta iliyonyooka. Nje, fundi wa kuchomelea alikuwa anamalizia dirisha la chumba cha nyuma, chumba kilekile. Mwenye nyumba alikuwa ameketi barazani. Nilimwamkia, nikamuuliza hali, kisha nikamwomba kwa adabu: "Mzee, walau dirisha hili moja lifanye lifunguke kwa ndani."

Alinitazama kwa huruma, kama atazamwavyo mtoto aliyeuliza jambo la wakubwa. "Mwanangu," alisema, "likija limekuja. Nani wa kulizuia?"

"Na mwizi je, Mzee?"

"Ah, mwizi lazima azuiwe!"

Fundi aliteremsha kinyago chake usoni akaendelea na kazi. Madirisha sita, yote yamepakwa rangi ya kijani, na hakuna hata moja lenye bawaba.